Jembe Mkononi mwa Sajini

Iko asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa na wali wa kutosha. Kaa nikusimulie, chai bado ina moto.

Enzi zile za utawala wa wanajeshi nilikuwa bibi arusi mpya hapa Kyebando, mke wa konstebo wa polisi, nimetoka Arua na mdomo wangu mkali. Sisi wanawake tulikuwa na kikundi cha bustani. Walikuwamo wake wa askari kama mimi, Waganda, wenyeji wa hapa, wenye migomba yao huku juu, na Hajati Mariamu mwenye duka la vitambaa, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani wakasahau kurudi. Yeye ndiye aliyetuongoza. Miche yetu yote ya bilinganya na mboga tuliimwagilia maji ya chemchemi ya bondeni, chini ya mivule mikubwa. Bonde zima lilikunywa hapo.

Wiki moja likaja lori la jeshi. Meja mmoja alikuwa anajenga nyumba na alitaka kuni za kuchomea matofali. Sajini wake akaizunguka mivule yetu, akaitia alama kwa panga, akasema Jumamosi wanarudi na misumeno. Kila mwenye bustani alijua maana yake. Mivule ikianguka, jua litapiga pale moja kwa moja, chemchemi itakauka, na sisi tutabaki tumeshika ndoo tupu.

Nilichemka. Nikakimbilia dukani kumwambia Hajati twende kambini sote, tukampe meja ukweli wake usoni. Siku zile, mwanangu, watu waliokusanyika hata matangani walitazamana kwanza kama kuna mpelelezi. Mtu aliweza kutiwa kwenye buti la gari mchana kweupe na mkewe asithubutu kuuliza. Hayo niliyajua, ila hasira zilikuwa zimenipanda. Hajati alikuwa anapima kitambaa, hakuinua hata macho.

“Ukishampa ukweli wake, yeye atafanya nini?” akaniuliza.

Nikasema ataona aibu.

“Mbele ya askari wake? Binti yangu, ataona aibu, halafu atakata na mzambarau wa uani kwako. Mwenye bunduki usimbane ukutani. Na wewe unatoa nini? Mdomo tunao sote.”

Niliumia, sikufichi. Nilinuna hadi konstebo wangu akauliza kama kuna msiba.

Sasa sikiliza akili ya yule mama. Waganda wana desturi waiitayo bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa faida ya wote. Watu hutoka na majembe wakasafisha njia na visima. Na huku kwetu, aliyepita akawakuta kazini hakupita hivihivi. Alipewa jembe, akalima kidogo, ndipo akaenda zake. Mkutano ulikuwa hatari, lakini nani angewakamata wanawake kwa kusafisha maji ya kunywa? Jumamosi tukashuka bondeni mapema, tukaanza kufyeka na kuzibua mfereji, tena kwa nyimbo.

Lori likafika. Sajini akashuka, mrefu, uso ameukunja.

“Nyinyi wamama nafanya nini hapa?”

“Bulungi bwansi, afande,” Hajati akamjibu, na kwa mikono miwili akamnyooshea jembe. “Umetukuta kazini.”

Nyimbo zilikatika. Sajini akalitazama jembe, akawatazama askari wake, akatutazama sisi. Niliogopa, mwanangu. Kisha akaiegemeza bunduki kwenye lori, akalipokea jembe. Na alilima vizuri, nakwambia, alikuwa mtoto wa shambani yule. Askari wake wakacheka, wakavua mashati, nao wakaingia. Mfereji ambao ungetutesa hadi jioni ukaisha kabla ya adhuhuri. Tukawapa maji ya chemchemi kwa kibuyu, na sajini alipomaliza kunywa akarudisha kibuyu.

“Maji hii mzuri,” akasema. “Lakini mimi natumwa kuni. Narudi bila kuni, meja atafunga mimi, si nyinyi.”

Hapo Hajati akatugeukia sisi. Akasema uani kwake kuna mkalitusi umezeeka, misumeno ianzie huko. Mama mmoja wa Kiganda akatoa mfenesi wake uliokoma kuzaa. Mke wa koplo akatoa kuni alizojiwekea kwa masika. Kisha macho yakanifikia mimi. Nyuma ya nyumba nilikuwa na magogo mazuri ya kujengea jiko, maana nilikuwa nimechoka kupika kwenye mvua. Jiko lile nilikuwa naliota usiku.

“Na yangu,” nikasema, kwa sauti ndogo kuliko niliyoizoea.

Alasiri lori likajaa, sisi na askari tukibebeana magogo na kutaniana. Sajini alipokuwa anapanda akacheka kidogo.

“Kuni ni kuni,” akasema. “Meja hajui jina ya mti.”

Mivule haikuguswa. Mimi nilipikia mvuani masika yote, na konstebo wangu alikula ugali wa majimaji bila neno. Lakini kila nilipoteka maji pale nilifurahi peke yangu kama mwehu.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia wewe na kikundi chenu cha bustani mnataka kwenda kumzomea tajiri anayemwaga kifusi kinamasini. Nendeni, tena msichelewe. Ila kwanza pasafisheni mahali penyewe, watu wawaone mkipatunza. Akija, mpeni heshima na mpeni jembe. Mtafutieni pa kupeleka kifusi chake, hata kama ni kwenye mashimo ya njia yenu wenyewe, aweze kuondoka bila kuchekwa. Na kabla hamjadai atoe kitu, kila mmoja wenu aamue atatoa nini chake, kiwe kitu kitakachomuuma. Akikataa hata baada ya hayo, semeni kwa sauti, na mimi nitakuja kusema nanyi.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Miche yako ishike, adui zako wawe majirani zako, na watoto wako wanywe maji safi bila kujua ni nani aliyewahifadhia.