Bibi Aliyenichelewesha

Kama wewe ni mtu wa kucheka mambo ya watu, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Hili halikumpata jirani wala binamu wa rafiki. Lilinipata mimi, na goti langu la kulia lina kovu la siku hiyo mpaka leo.

Mimi ni Mkenya, wa Bungoma. Nilikuja kufundisha hesabu kwenye shule moja ya binafsi huku Geita, nikidhani kwenda nchi jirani ni kama kuvuka barabara. Kiswahili nilikuwa nacho, nini kitanishinda? Zilinishinda salamu. Mimi nilizoea kusema "habari" huku miguu inatembea. Huku unasimama. Unaulizwa umeamkaje, nyumbani hawajambo, kazi inaendaje, na ukimaliza unaulizwa tena kwa Kisukuma. Wanawake wanawakunjia magoti wakubwa. Mimi nikasema, magoti yangu hayakuajiriwa. Dukani nilisema "nipe sukari", kumbe huku mtu huomba hata kile anacholipia. Watoto wakiniamkia shikamoo, naitikia kwa kichwa, huyo, nimepita.

Hakuna aliyenigombeza. Walinyamaza tu. Nikiingia ofisi ya walimu, mazungumzo yanakwisha. Aliyenisemesha alikuwa Mama Kulwa, mpishi wa shule, ambaye kila saa nne aliniwekea kikombe cha uji pembeni. "Mwalimu, usikae na njaa," anasema, basi. Mwenyewe alikuwa mtu wa huzuni, hacheki na wenzake. Sikuwahi kumuuliza ana nini. Wala uji wake sikuwahi kuushukuru, nakuambia ukweli.

Mwezi wa tatu nikachoka, nikaamua kutoroka. Alfajiri moja, kabla wenzangu hawajaamka, nikatoka na begi mgongoni kuwahi basi la Mwanza kule kwenye lami. Sikumuaga mtu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nikashika njia ya mkato inayopita kwenye maduara ya zamani, yale mashimo ya dhahabu yaliyoachwa, mengine yamefukiwa juu juu tu. Watu walipita pale kila siku, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Katikati ya njia nikamkuta bibi kizee amesimama. Kitenge cha kijani, karai la mawe kichwani, na kulikuwa kumeanza kupambazuka, namwona vizuri kabisa. Njia nyembamba, naye hasogei. Sijui nilipatwa na nini. Nikajiambia, si ndiyo naondoka? Acha nimsalimie huyu mmoja kama watu. Nikakunja magoti.

"Mwangaluka mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu kwamba ni salama tu, na Kisukuma changu kikaishia hapo.

Yeye ndiyo kwanza anaanza, sasa kwa Kiswahili. Nyumbani hawajambo? Mama hajambo? Kwenu mvua zimenyesha? Nikainua mguu nipite, akauliza ng'ombe. Nikainua tena, akauliza, "Na yule mdogo wako, kifua chake kimepoa?"

Niamini, hakuna mtu huku niliyemwambia kwamba mdogo wangu ana pumu. Nilitaka kumuuliza amejuaje, lakini mdomo ukaendelea kujibu. Na unajua nini? Nilikuwa natamani asiache. Miezi mitatu hakuna aliyeniuliza habari za mama yangu. Au labda walitaka kuniuliza, mimi sikusimama. Nikaanza kulia palepale na begi langu.

Mbali nikasikia honi ya basi. "Bibi, nimechelewa," nikasema.

"Ndiyo," akajibu, ametulia. "Haya. Nisalimie binti yangu Mama Kulwa. Mwambie asubuhi ile nilijua yuko macho. Sikuondoka na kinyongo."

Kabla sijauliza asubuhi gani, ardhi ikatitia. Hatua chache nyuma ya bibi njia yote ikazama, kichaka na vyote. Udongo ulioshiba maji namna ile, mguu wangu wa kwanza ungetosha kuumaliza. Nilianguka, goti likapiga jiwe. Nilipoinua kichwa, bibi hayupo. Pande zote ni uwanda mtupu, angekimbilia wapi na karai la mawe?

Ningeweza kuzunguka nikangoja basi lingine. Lakini salamu ukishapewa utaenda nayo wapi? Si yako. Nikarudi nachechemea mpaka jikoni shuleni.

Mama Kulwa alikuwa anakoroga uji. Nikapiga goti lile lile linalovuja damu, nikamwamkia, kisha nikamweleza bibi niliyemwona na maneno aliyonituma, sikupunguza hata moja. Mwiko ukamtoka mkononi. Akakaa chini kwenye majivu.

Mama yake, akanisimulia, alikuwa akiokota mabaki ya mawe kule machimboni. Jioni moja waligombana, yeye akamwambia mama yake kwamba anamtia aibu. Asubuhi mama akasimama mlangoni akamsalimia kabla ya kuondoka. Mama Kulwa alisikia, akajifanya amelala. Mchana shimo likamfukia mama.

"Hilo la kujifanya nimelala sijamwambia mtu, Mwalimu," alisema. "Hata mume wangu. Miaka sita." Kisha akaniuliza, "Alionekana amechoka?"

"Hapana. Alikuwa na maswali mengi."

Akacheka huku analia. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Huu ni mwaka wangu wa tano huku. Mama Kulwa ndiye ndugu yangu, na kikombe cha uji nakipokea kwa mikono miwili. Nachelewa kila ninapokwenda, kwa sababu nasimama kwa kila mtu. Kovu linauma nikipiga goti, na kila likiuma namshukuru Mungu na yule bibi.

Nawe ukipita machimbo ya zamani alfajiri ukakuta bibi na karai, usimzunguke. Simama, jibu yote. Akikupa salamu, usilale nayo. Na huko kwako, mtu akikusalimia mlangoni asubuhi nawe umenuna, itikia. Itikia tu, hata kwa sauti ya usingizi.