Mkebe wa Kupe

Kazi yangu ni kuokota kupe. Nikisema hivyo mjini Lodwar watu hucheka, nami siku hizi sina nguvu ya kuwaeleza. Nimesomea maabara na koti jeupe ninalo, lakini mwisho wa yote huwa nimeinama chini ya tumbo la mbuzi wa mtu, jua la saa saba likinichoma kisogo, nikimng'oa mdudu kwa kibanio na kumtia kwenye kichupa cha spiriti. Wenye utafiti wako Nairobi. Wanataka kujua ni wanyama gani na watu gani wenye vijidudu vya homa ya kupe, homa ambayo huku kila mtu huiita malaria. Mimi ni miguu yao tu, na miguu imechoka.

Boma ninalolikumbuka zaidi liko nje kidogo ya Kakuma, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga. Mwenyewe ni mama mtu mzima. Mumewe alikuwa amekwenda mbali kuchunga ngamia, yeye amebaki na mbuzi na binti yake aliyesoma hadi darasa la nane. Tuliwapelekea habari mapema kwamba wageni watakuja kuangalia mbuzi.

Tulipofika, mbuzi walikuwa safi. Sijapata kuona mbuzi safi kama wale Turkana nzima. Nikapekua masikio, makwapa, chini ya mkia, wapi! Mama na bintiye walikuwa wameshinda siku mbili wakitoa kupe kwa vidole na kuwatupa motoni, kwa sababu mgeni haonyeshwi uchafu. Sasa mama amesimama pale, mikono kiunoni, anangoja nimsifu.

Nami nikampigia kelele. Niseme nini? Tulikuwa tumetoka Lokichar siku hiyo hiyo, gari limepata pancha mara mbili, maji ya kunywa yamekwisha, na boma la mwisho kwenye orodha linaniletea mbuzi waliopambwa kama watoto siku ya Krismasi.

"Ala! Mama, hao kupe ndio niliowafuata! Nani alikwambia uwatupe? Siku nyingine usitupe hata mmoja. Niwekee!"

Binti akamtafsiria, ingawa hakukuwa na haja. Mama alikijua Kiswahili cha sokoni, na sauti yangu ilijieleza yenyewe. Akainamisha kichwa.

"Pole, daktari," akasema. "Mimi nitaweka."

Neno nililitoa mimi, na mimi ndiye niliyelisahau kabla hatujafika barabara ya lami.

Baada ya wiki tatu nikarudi kuchukua sampuli upya. Binti alinilaki peke yake. Mama alikuwa ndani, amelala juu ya ngozi, mwili unawaka hata nikautoa mkono haraka. Ilikuwa siku ya sita, binti akaniambia. Walikuwa wamekwenda zahanati mara mbili, mara zote mbili wamerudi na dawa ya malaria. Kando ya kichwa cha mama palikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, mdomo umefungwa kwa kitambaa.

"Ni yako hiyo," binti akasema. "Anaokota kila asubuhi. Hata jana alitaka kutoka aende kwa mbuzi."

Nikafungua kitambaa. Kupe, nusu mkebe. Aliwatoa kwa vidole vitupu, siku baada ya siku, kwa sababu ya kelele zangu.

Nikamwomba ruhusa, nikaziinua shanga za shingoni. Ni nyingi, zimepangana hadi kidevuni, na mwanamke aliyeolewa havuliwi shanga ovyo. Chini yake, karibu na mfupa wa bega, palikuwa na kidonda kidogo cheusi, kama mahali palipozimiwa sigara. Kupe alikuwa amepanda mkono mpaka hapo akauma kwa raha zake.

Tukampakia garini hadi zahanati. Foleni ilifika langoni, wakimbizi na wenyeji pamoja, na daktari wa zamu alikuwa amechoka kunishinda mimi.

"Leta majibu ya maabara," akasema, "ndipo nimpe dawa ya hiyo homa yako ya kupe."

Majibu! Majibu yetu huenda Nairobi na kurudi baada ya miezi. Na karatasi niliyotia sahihi inaniruhusu kuchukua damu ya mtu, hainiruhusu kumpa hata kidonge. Nikamshika daktari mkono mbele ya watu wote, nikamvuta hadi kitandani, nikaziinua shanga tena.

"Tazama."

Akatazama.

"Hiki hatukukiona," akasema, na akaandika doksi, vidonge vya kawaida kabisa vilivyojaa kwenye rafu nyuma yake. "Lakini siku sita ni nyingi, dada. Na umri wake huu. Tungoje."

Nilingoja Kakuma siku tatu. Siku ya pili, kwa kukosa la kufanya, nikaumwaga ule mkebe juu ya gazeti. Joto lilikuwa limewaozesha kupe wote. Walikuwa wamechanganyika, na daftari langu linataka kila kupe aandikwe na mnyama wake. Hata mmoja hakufaa. Nikawachoma nyuma ya zahanati, mkebe na vyote, huku nikijitukana kwa kila lugha niijuayo.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta ameketi, amekonda, ana kikombe cha chai mkononi. Binti yake alikuwa anacheka peke yake. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi tangu jana yake.

"Ejok, mama?" nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok." Akaweka kikombe chini. "Kupe imetosha?"

Nikaketi kando ya kitanda chake.

"Imetosha, mama," nikasema. "Imetosha kabisa."

Akashusha pumzi, akapanga shanga zake vizuri shingoni.

"Basi," akasema, "usinipigie kelele tena."