Mazoezi Niliyofundishwa na Mwanafunzi Wangu

Tangu hedhi yangu ikome, nilikuwa nimekubali kupoteza vitu vingi: usingizi, goti la kushoto, hata hamu ya kugombana. Hili la mkojo sikulitarajia. Siku moja nilikuwa napepeta ndengu uani kwetu, Mukuyuni, vumbi likaniingia puani. Nikapiga chafya tatu mfululizo, na ya tatu ikashuka na maji.

Wifi yangu, dada ya mume wangu, alikuwa kando yangu akichagua mawe. Aliangalia leso niliyojifunga kiunoni, kisha akaangalia chini.

"Wifi, umemwagikiwa na chai?"

"Sijanywa chai leo."

"Basi usinywe na maji. Usipokunywa, utatoa nini?"

Nikamsikiliza, mimi mwalimu mstaafu mzima. Wiki mbili nilikunywa maji kwa matone kama kuku, nikaishia kukojoa moto. Kwenye zahanati, muuguzi alinipa dawa, akanigombeza kwa kujinyima maji, na nilipomweleza habari ya chafya akaniandikia barua niende hospitali kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Lakini goti haliumi sana," nikamwambia.

"Si la goti, mama."

Nilitarajia kumkuta mama wa makamo. Mlango ulipofunguliwa, alikuwa kijana mrefu mwenye koti jeupe, akaniangalia mara moja tu.

"Mwalimu!"

Nilikuwa nimemfundisha darasa la nne. Nikageuka kuondoka.

"Kaa, Mwalimu. Wamama wengi wanakuja hapa na shida kama yako."

Akanieleza kwamba chini ya kibofu kuna misuli iliyojitandaza kama machela. Uzazi huivuta, hedhi ikikoma inazidi kulegea, lakini inaweza kufunzwa upya. "Jifanye unazuia mkojo na hewa kwa pamoja. Vuta kwa ndani, kwenda juu. Hesabu mpaka tano, achia, pumzika mpaka tano. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usikaze matako, usizuie pumzi. Na chafya ikija, kaza kwanza ndipo upige."

Nilikuwa nikiangalia ukuta. Yeye akatabasamu.

"Mwalimu, unakumbuka ulivyokuwa unatunyima ruhusa ya kwenda choo?"

"Mlikuwa mnaenda kucheza."

"Mimi siku moja sikuwa naenda kucheza."

Hapo nikakumbuka. Kaptula iliyolowa, darasa zima likicheka, na mimi nikimwambia akasimame juani akauke. Nilisikia aibu iliyozidi ile iliyonileta.

"Nisamehe, baba."

"Ilipita zamani, Mwalimu. Haya, kaza. Moja..."

Wiki ya kwanza nilikaza kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa. Nilikaza meno, nilikaza vidole vya miguu. Jumapili, katikati ya mahubiri, nikasema wacha nifanye mara kumi zangu. Nikakaza matako kwa nguvu mpaka nikainuka kidogo kutoka kwa benchi. Mama aliyekaa karibu nami akadhani nataka kutoa ushuhuda, akasogeza magoti nipite. Mchungaji akaniona. "Karibu mbele, Mwalimu, Roho asizuiwe!" Kanisa likapiga makofi. Ningesema nini? Nilimshukuru Mungu kwa kunirudisha salama kutoka Sultan Hamud, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga mwaka mzima.

Nilirudi hospitali, kijana akanirekebisha: nifanye nikiwa nimelala kwanza, magoti juu, taratibu, nikipumua. Nikaanza kuipata. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikataka kuacha. Wa pili, nilifika kwa mlango wa choo bila kukimbia. Kufikia wa tatu nilikuwa nikikohoa kwa raha zangu, ingawa sitadanganya, bado kuna siku navaa pedi nikienda safari ndefu.

Wifi alikuwa akinichunguza muda wote huo. Jioni moja tukikoboa mahindi alinisogelea, akashusha sauti kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Hiyo kitu ulifundishwa. Inafanywaje?"

"Ya nini? Si unatakiwa tu usinywe maji?"

"Wifi, wacha hizo. Tangu nizae yule wa mwisho, sijawahi kucheka nikiwa nimesimama."

Nikaacha kumcheka. Nikamwelekeza kama nilivyoelekezwa, tukaanza pamoja, wawili kwenye benchi moja, mikono imetulia, macho mbele. Jirani akaingia uani kuomba chumvi, akatukuta kimya. Alimwangalia wifi, akaniangalia mimi.

"Kwani mmegombana?"

Hatukumjibu. Tulikuwa tumefika nne.