Buate ya Pili ya Kamyo ya Papa

Enzi zetu, watoto wa mtaa wa Kamalondo tulijua kila kamyo, kila lori, kwa mngurumo wake. Siyo hawa wa leo, macho kwenye simu, hata nyumba ikitembea barabarani hawaioni! Kamyo ya papa, baba yangu, ilibeba makala, makaa ya kupikia, kutoka barabara ya Kasenga, na mama hakuacha kulalamika: “Ile mutuka inakunywa kupita balevi bote ba avenue!” Kweli, mazutu, hiyo dizeli, ilikula faida yote, na papa alisafiri bila kupumzika.

Likizo moja akaleta buate ya vitesi, yaani giaboksi, iliyotolewa kwenye kamyo iliyokufa. Alitaka kuifunga nyuma ya ile ya kwanza, ili kwenye barabara tambarare injini izunguke polepole na kunywa kidogo. Wiki nzima ua wa palseli yetu ulinuka grisi. Mimi, binti yake wa pekee, nilimshikia funguo za kukazia, nikaosha bulo, yaani bolti, mpaka vidole vikachubuka. Nilifanya kwa moyo wote, maana aliniahidi: “Mazutu ikipunguka, safari nayo itapunguka. Kila siku ya mungu nitakuwa ku nyumba na weye.”

Ikafungwa. Levye mbili za kubadilishia vitesi, mama wee! Papa alipitisha mkono mmoja katikati ya usukani ili azivute zote kwa pamoja, kila levye na mkono wake, na injini ikashusha sauti, ikatulia. Majirani walipiga makofi. Tangu hapo mama akisikia sauti ile pale kona ya avenue, alibandika maji ya bukari, ugali wetu, bila kuuliza.

Lakini tulikosea hesabu. Mazutu iliyobaki haikumrudisha papa nyumbani, ilimpeleka mbali zaidi. Tangi iliyokuwa ikiishia njiani sasa ilimfikisha Kasenga yenyewe, halafu Pweto. Aliyekuwa akirudi baada ya siku mbili akaanza kurudi baada ya wiki mbili. Kila Jumapili, hiyo siku ya mungu, nilikaa mlangoni nimevaa robe yangu ya misa, nikisikiliza kama kamyo inakuja. Nilimkasirikia sana. Nilijikasirikia na mimi, niliyeosha zile bulo.

Papa alishafariki, mama naye. Leo niko peke yangu mtaa wa Hewa Bora, na magari yanabadilisha vitesi yenyewe, eti vijana nao ni madereva! Jana mwanangu alinipigia simu kutoka Kolwezi: “Mama, mutuka yangu ya mupya inakunywa kidogo sana. Na plein moja ya tangi naweza fika mbali!”

Nikamwambia, “Ni vizuri, papa,” maana ndivyo tunavyowaita watoto wetu wa kiume. Kisha nikasonga bukari ya mtu mmoja.