Kabla Mama Hajapiga

Mke wangu ni fundi wa shirika la umeme, na kwa miaka mingi king'ora chake kilikuwa mama yangu. Umeme ukikatika nyumbani kwa mama, simu ililia kabla feni haijaacha kuzunguka. Siku hizi mita mpya za majumbani zinawatumia mafundi taarifa zenyewe, na swichi za kwenye nguzo zinatenga sehemu yenye hitilafu bila mtu kupanda.

Juzi mke wangu akamwahi mama kwa simu. "Mama, umeme umekatika hapo kwako. Unarudi sasa hivi."

Taa zikawaka wakiwa bado wanaongea. Mama akanuna. "Sasa mimi nitakupigia kwa lipi?"

"Piga tu, mama. Hiyo mita haijui umeshindaje."

Kesho yake jioni simu ililia, na umeme ulikuwepo.