Mgeni wa Saa Saba Kwenye Karavani

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa Muaither, mtaa wa Doha, nyuma ya nyumba tunayopanga, saa saba mchana jua likiwa utosini. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila nikisimulia, swali la kwanza ni kama nilikuwa nimekunywa maji ya kutosha. Nilikuwa nimekunywa. Mimi ni muuguzi. Nimewapokea watu waliozidiwa na joto katika mji huu, nimewasikia wakizungumza na mama zao walio mbali kana kwamba wamekaa pale ukingoni mwa kitanda, na tofauti naijua. Aliyepigwa na joto haoni baridi. Mimi niliona baridi mpaka nikajifunga shuka.

Tuanze na mume wangu, maana bila yeye hakuna kisa. Kyalo hawezi kuona kitu kibovu akakipita. Mimba yangu ilipofika miezi saba, Mama alikubali hatimaye kuja kutoka Machakos anisaidie na mtoto wetu wa kwanza. Mama ni mjane, anaishi peke yake, alikuwa hajawahi kupanda ndege, na kumshawishi kulinichosha kuliko mimba yenyewe. Sasa alale wapi? Sisi tuna chumba kimoja katika nyumba kubwa iliyogawanywa vipande vipande, na ukikunjua kitanda mlango haufunguki. Nikamwambia Kyalo atafute chumba cha kukodi hapo jirani. Akaenda Industrial Area kumsindikiza rafiki yake gereji, akarudi jioni na karavani kuukuu, nyumba ya magurudumu, ikivutwa na pikapu ya kuazima, kadude kadogo ka mviringo kama mkate.

"Chumba cha Mama ndiyo hiki," akasema. "Nitakitengeneza mpaka ushangae."

Nilishangaa palepale. Sakafu ilikuwa imeoza, madirisha hayafungi, na ndani mlikuwa na harufu ya panya na sigara. Kyalo anafanya kazi stoo ya hoteli na hurudi jioni amechoka, kwa hiyo karavani ilitengenezwa kwa mtindo wake: aling'oa viti, akapiga msasa nusu ya ukuta mmoja, kisha akaanza kupaka rangi ukuta wa pili kabla ya kumaliza ule wa kwanza. Akaangalia video, akabadili mawazo, akanunua rangi nyingine. Wakati huohuo AC ya chumbani kwetu ikafa. Mwenye nyumba kila tukimpigia alisema bukra, yaani kesho, na kesho yake haikufika. Nilikuwa nimeanza likizo mapema kwa sababu ya presha, nashinda nyumbani peke yangu, nimevimba miguu, na hasira zangu wala sikuzificha.

Basi mchana mmoja nikaenda kwenye karavani kutafuta vikombe vyangu, kwa sababu Kyalo alikuwa anachanganyia gundi humo. Nimeinama, jasho linaingia machoni, ninamlaani mume wa watu kimoyomoyo, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

"Hodi."

Nikajibu, "Karibu."

Wewe ungejibu nini? Hilo neno hatulifikirii, linatoka lenyewe kama kupiga chafya. Ni baada ya kulitoa ndipo nikajiuliza: Doha nani anapiga hodi? Hapa watu wanabonyeza kengele, au wanakutumia ujumbe kwamba wako nje. Nikageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikageuka tena, na mwanamke mzee aliyevaa abaya nyeusi alikuwa amekaa juu ya debe la rangi, ndani, mbele yangu. Karavani ile ina mlango mmoja, na wakati huo mimi nilikuwa nimeuziba kwa tumbo.

"Ahsante, mwanangu," akasema, kwa Kiswahili laini cha watu wa pwani. "Muda mrefu sijakaribishwa."

Halafu baridi ikaja. Ilitoka kwake, taratibu, mpaka jasho likanikauka mgongoni. Najua unachotaka kuniambia, kwamba ningekimbia. Ningekimbilia wapi? Niamini, ukiwa na mimba ya miezi saba mwezi wa Julai na huna AC, baridi haikimbiwi. Nilivuta debe la pili nikakaa.

Akawa anakuja kila siku saa saba. Mwanzoni nilijiambia ni mama wa majirani, amezeeka, amezoea kuingia kwa watu. Nikampikia chai, kama mtu yeyote aliyelelewa angefanya. Alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kukipeleka mdomoni, na alipokirudisha kilikuwa kimejaa vilevile. Siku moja niliona uvivu kuimwaga nikainywa. Ilikuwa maji. Rangi ya chai ilikuwepo, maziwa yalionekana, lakini sukari, majani na tangawizi, vyote vilikuwa vimeondoka.

Na maneno yake sasa! Pazia halikumpendeza. Rangi ya krimu alisema ni ya hospitali. Kitanda Kyalo alikifunga dirishani, yeye akataka kikae kwenye mlango. Nikadhani ni maneno tu ya mzee. Kesho yake nikakuta skrubu zote zimefunguliwa, zimepangwa sakafuni kwa mstari, na kitanda kiko mlangoni. Jioni Kyalo akanijia juu.

"Si nilikuambia usiguse hiyo kitanda? Na hiyo tumbo yako?"

"Mimi nimegusa? Na hizi mikono zangu zimevimba hivi?"

"Sasa ni nani? Ni paka?"

"Ni ule mgeni, Kyalo. Nimekuambia kuna mama huja."

"Aki wewe unahitaji kupumzika," akasema, kwa ile sauti ya upole inayoniudhi kuliko matusi. Akakirudisha kitanda dirishani. Kesho yake kikawa mlangoni. Nakuambia ukweli, tulikaribia kuachana kwa sababu ya kitanda cha plaiwudi.

Siku iliyonifungua macho ni ile iliyofuata tufani ya vumbi. Vumbi laini lilikuwa limefunika ua wote, halijakanyagwa hata na paka. Nilivuka na birika langu, nikakaa, akapiga hodi, nikamwitikia, tukazungumza mpaka chai ikafa ladha. Nilipotoka kumsindikiza nikaona nyayo za kandambili zangu zikienda kwenye karavani. Zilikuwa nyayo za mtu mmoja tu. Nikageuka kumwambia kitu na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Wiki hiyo kliniki wakanigombeza. Nilikuwa nimepungua uzito, mjamzito mimi, muuguzi mimi, ninayewafundisha wengine kula. Nilikuwa ninakula, lakini chakula nilichokula karibu naye kilikuwa kama kutafuna karatasi, na nadhani nguvu za chakula ziliondoka pamoja na ladha. Hapo nikaogopa kweli. Mama alikuwa anakaribia kuja, na chumba nilichomwandalia kilikuwa na mwenyewe.

Nikaamua kusema naye. Nilibaki mlangoni, sikukaa.

"Mama, nashukuru kwa kunitembelea. Lakini mama yangu mzazi anakuja, na ndiye atakayelala hapa. Naomba utupishe."

Akaangalia kitanda, akakipima kwa kiganja.

"Chembamba," akasema. "Lakini tutaenea."

Nilimwambia Kyalo usiku huo nikilia. Akanikumbatia, akaniambia nitapata nafuu Mama akifika. Akamaliza rangi, akaweka godoro jipya na taa ya betri, na lazima niseme haki yake, karavani ilipendeza. Ingekuwa ya mtu mwingine ningeisifu.

Mama akafika na sanduku lake lililofungwa kamba, akicheka, akishika tumbo langu kila hatua. Tulikula, tukazungumza, na mchana jua likiwa kali Kyalo akasema twende tumwonyeshe chumba chake apumzike. Nilitaka kukataa. Nikatazama uso wa Mama ulivyofurahi, nikawafuata. Tulivuka ua sote watatu, Mama mbele. Akafika kwenye ule mlango mdogo wa karavani tupu, na kwa mazoea ya maisha yake yote, akasema, "Hodi!"

Ndani sauti ikajibu, "Karibu, Mama."

Sanduku lilimponyoka Kyalo mkononi. Wiki zote hizo alikuwa ananiambia nipumzike, na sasa alikuwa ameganda pale, mdomo wazi. Mama yeye aligeuka akaniangalia mimi.

"Hii nyumba iko na mtu?"

"Iko, Mama."

"Nani alimkaribisha?"

Akaniangalia kama siku nilipovunja chungu chake.

Mama alilala na mimi chumbani, Kyalo akaenda kubanana na rafiki yake anayeishi mtaa wa Najma. Jumapili Mama akasema tuombe. Tukasimama nje ya karavani, tukaimba, Mama akaomba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, akakemea kila kitu kinachokemewa. Alipomaliza tukasema amina. Kutoka ndani, kwa sauti tulivu kuliko zetu, tukasikia, "Amina." Mama akakunja Biblia yake akaenda kupika.

Tukafunga mlango wa karavani kwa mnyororo na mimi nikaacha kukanyaga upande ule. Nikaanza kunenepa. Binti yetu akazaliwa salama, mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa. Mama alimwogesha, alimkanda, alimwimbia, na kwa kipindi hicho nilisahau kukasirika. Kila saa saba tulisikia vitu vikisogezwa ndani ya karavani, na tukaongeza sauti ya televisheni.

Kisha siku ya Mama kurudi ikafika. Kyalo ameshawasha gari, mtoto yuko begani kwangu, Mama anaaga kila mtu, mpaka mpangaji wa chumba cha mwisho ambaye hawaelewani lugha. Akapita karibu na karavani. Akasimama. Na Mama yangu, aliyefundishwa na mama yake kwamba huondoki kwa watu bila kuaga, akagonga ukuta kidogo kwa kidole.

"Haya, mimi naenda," akasema. "Asante kwa kunivumilia. Siku moja na wewe utembee kwetu Machakos."

Nilipiga kelele. Neno lilikuwa limeshatoka. Mama akashtuka, akajishika mdomo, kisha akacheka kwa aibu, akasema ni mazoea tu, huyo atafika Machakos na basi gani? Kyalo akapiga honi. Ndege haingojei mtu.

Kesho yake saa saba niliisogelea karavani na kuweka kiganja ukutani. Iliniunguza. Nikafungua mnyororo, nikaingia, na ndani mlikuwa na joto la kuoka mkate. Kitanda kilikuwa dirishani, pale pale Kyalo alipokitaka, na pazia limefungwa vizuri. Kyalo alifurahi, akaniambia umeona, ameenda. Aliiuza karavani kwa mtu mmoja mpenda kupiga kambi, na mtu huyo hajalalamika kwa chochote ila joto.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilimpigia Mama nikamuuliza hali.

"Niko sawa. Ni baridi tu imeingia huku, hasa mchana. Navaa sweta mbili."

"Mama, chai iko na ladha?"

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Sukari ya siku hizi si sukari," akasema.

Nikamwomba amfukuze. Nikalia, nikafoka, nikamwambia aite mchungaji, aite majirani, ahame nyumba. Unajua alinijibu nini?

"Nitamfukuza aje, na ni mimi nilimwita?"

Ndugu yangu alipita kumwona akanitumia picha. Nguo zinamning'inia. Nyuma yake kitanda kimehamishiwa mlangoni. Kila siku namuuliza amekula nini na ananitajia sahani nzima, ugali, maharagwe, sukuma, na kila siku sauti yake inazidi kuwa nyembamba. Nimesharudi kazini, nimeomba likizo nyingine. Mudir, bosi wangu, anasema bukra.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, nawaomba jambo moja, na msiniambie ni ukosefu wa adabu, maana adabu ndiyo iliyotuponza. Mtu akikupigia hodi mchana, usimjibu ukiwa umempa mgongo. Geuka umwone anasimama wapi. Na ukiaga, aga walio na nyuso tu, usimwalike usiyemjua kwa kuogopa kuonekana mkavu. Mimi sanduku langu liko tayari nyuma ya mlango, na nguo za mtoto zimo. Siku likizo ikitoka nitafika kwa Mama na kusukuma mlango wake niingie moja kwa moja, bila kupiga hodi, kwa sababu sijui ni nani atakayeniitikia.