Tumebishana siku mbili kama filamu inafaa watoto, kumbe wote tulikuwa tunalikodolea macho busu

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yametokea jana Jumamosi, sebuleni kwangu hapa Nangara, Babati. Sijaongeza chumvi. Mkiona mahali naonekana mjinga, mjue nilikuwa mjinga kweli.

Bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie.

Iko hivi. Watoto wamefunga shule. Nyumbani nina binti yangu Careen, anasoma English medium, halafu yupo Anjela, mtoto wa mdogo wangu wa kike, huyu anasoma shule ya serikali hapa hapa mtaani. Wamepishana miezi tu, wana miaka tisa. Mdogo wangu, Mama Anjela, anaishi na sisi tangu mumewe aondoke kwenda machimboni Mererani.

Mama yangu mzazi naye yupo, ametoka Dareda kuja kutibiwa macho.

Halafu yupo wife, Mama Careen, ambaye ni mwalimu wa Sunday school. Hilo la Sunday school mlishike vizuri, maana ndilo lililonitesa.

Wiki nzima ni mvua. Watoto hawatoki nje. Katuni zote wameziangalia mpaka wanazisema kabla hazijasemwa. Ukirudi kutoka dukani (nauza pembejeo pale sokoni) unakuta makochi yamegeuzwa nyumba na shuka zangu zimekuwa mlango.

Jamaa mmoja dukani akanipa flashi. "Chukua hii kaka, comedy ya familia, utacheka mpaka ulie."

Nikafika home nikasema kesho watoto wana sinema.

Wife: "Umeiangalia?"

"Bado."

"Sasa Baba Careen, unawawekeaje watoto kitu ambacho hujakiangalia?"

Hapo alikuwa sahihi, nampa point yake. Ijumaa jioni nikakaa na laptop nikaiangalia yote, mzazi anayejali.

Jina la filamu nalihifadhi. Ni ya kizungu, inahusu baba mmoja mnene mcheshi ana familia mbili, kila moja upande wake wa mji, na hakuna inayoijua nyingine. Nusu ya kwanza ni kukimbizana tu. Anachanganya majina ya watoto, anapeleka keki ya birthday nyumba siyo. Nilicheka peke yangu kama chizi. Nusu ya pili mambo yanakuwa mazito kidogo, binti yake mkubwa anaanza kumshtukia.

Nikafanya ukaguzi wangu. Watu uchi hakuna. Matusi hakuna. Damu hakuna. Busu ni moja tu, la haraka haraka, jikoni.

Nikapitisha.

"Kuna busu?" Wife akauliza.

"Moja."

Ligi ikaanza hapo.

Wakuu, lile busu lilijadiliwa nyumbani kwangu kuliko bajeti ya serikali. La mdomo au la shavu? Wamefunga macho? Wameoana? Nikasema wameoana. Mke yupi? Wa pili. "Basi hawajaoana," wife akahukumu.

Mama yangu akadakia kutoka kwenye kochi. "Kwani huyo mwanaume ana wake wangapi?"

"Wawili, mama."

"Sasa anajificha nini? Si aseme tu wajuane."

Nikachoka kabisa.

Nikaingia mtandaoni kutafuta wazungu wenyewe wanasemaje. Wameandika inafaa watoto wakiwa na mzazi pembeni, halafu wakaongeza kuna "thematic elements". Thematic elements ndo nini? Nikamuuliza wife. Akasema ni mambo ya theme. Theme gani? "Theme ya filamu."

Nikauliza kwenye group letu la mpira. Mmoja akajibu ni muziki. Mwingine akaweka sticker ya mbuzi.

Hawa ndio washauri nilionao.

Hapo nikapata wazo ambalo mpaka sasa nikilikumbuka natamani kujichapa. Kwenye ile flashi kulikuwa na kopi mbili. Moja ya Kiingereza, nyingine imetafsiriwa na DJ, wale jamaa wanaoongea juu ya filamu huku wanachomekea maneno yao ya vijiweni. Nikasema tuweke ya Kiingereza. Watoto watacheka yule mnene akianguka, mengine yote yatawapita juu.

Wife akakubali, kwa sharti kwamba rimoti anashika yeye, na busu likikaribia anaruka.

Mama akakubali.

Yaani watu wazima watatu tumekaa tukakubaliana kwamba Kiingereza ni kufuli, wakati huo huo kila muhula natoka jasho kulipa ada ili binti yangu afundishwe Kiingereza.

Mama Anjela hakuna aliyemuuliza. Alikuwa jikoni anachambua maharage.

Sasa hapa niwape siri ya nyumba, maana bila hii hamtaelewa.

Shemeji yangu hayuko Mererani. Alikaa huko miezi michache tu. Yuko Arusha, anaendesha bajaji, ana mwanamke na mtoto mdogo, na huu ni mwaka wa pili. Sisi wote wakubwa tunajua. Mama yangu ndiye aliyesema mtoto asiambiwe, bado mdogo, ataumia. Tukafuata.

Kwa hiyo Anjela akiuliza mbona baba hapigi simu, anajibiwa baba yuko shimoni, kule chini hakuna mtandao. Mama yake anasema hivyo. Bibi yake anasema hivyo. Mimi nasema hivyo na nachomekea maelezo ya kitaalamu.

Na mimi huyo huyo nikaiangalia ile filamu mwanzo mpaka mwisho na sikuunganisha kitu. Nilikuwa nahesabu mabusu.

Jumamosi mchana tukakaa. Bisi zipo, chai ipo, mvua inapiga bati. Mama Anjela akaja na ungo wake wa maharage akakaa karibu na mlango, kwenye mwanga.

Mwanzoni ilikuwa raha. Mnene anaanguka, watoto wanacheka. Anjela ana kicheko fulani cha kukohoa, akikianza hata wewe utacheka.

Halafu nikasikia sauti ya Careen. "Anasema amechelewa kazini. Muongo huyo, alikuwa kwa yule mke mwingine."

Anatafsiri! Mstari kwa mstari! Kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha DJ!

Nikasema, "Careen, waache wenzako waangalie."

"Baba, Anjela ameniomba. Haelewi."

Nikarudi kwenye bisi zangu.

Ikaja ile sehemu baba amejifungia chooni kwa mke wa pili, anaongea na simu na watoto wa mke wa kwanza. Anafanya kama simu inakatika katika, anafikicha mfuko wa karatasi karibu na mdomo. Ijumaa nilicheka sana hapo.

Careen akatafsiri. "Anawaambia wanawe yuko kazini mbali, hakuna mtandao."

Anjela akacheka. Halafu kicheko kikaishia njiani.

Mkono wa mdogo wangu ukasimama kwenye ungo.

Mama akaanza kukohoa bila kikohozi.

Nikamtolea wife macho, nikimaanisha zima. Yeye akili yake yote iko kwenye busu! Akajua busu ndilo linakuja, akaruka mbele mbio, akaachia.

Mnajua alipoachia wapi? Pale yule binti mkubwa anamfuata baba yake kwa miguu mpaka nyumba ya pili, anasimama dirishani, anamwona amembeba mtoto mwingine.

Careen, bila kuombwa: "Ameona. Baba yake hakusafiri. Anaishi na hao."

Kila siku hapa kwetu umeme unakatika. Jana haukukatika.

Anjela akageuka. Hakumwangalia mama yake wala bibi. Aliniangalia mimi.

"Mjomba, Mererani kuna mtandao?"

Wakuu, mimi ni mtu mzima, nina biashara, kanisani nasimama mbele kusoma matangazo. Mnajua nilijibu nini?

"Inategemea na laini."

Naapa ndivyo nilivyosema.

Mdogo wangu akaweka ungo chini, akaenda akachomoa TV ukutani. Akakaa karibu na Anjela, akamshika magoti.

"Anjela, baba yako hayuko machimboni. Yuko Arusha. Ana mwanamke mwingine na wana mtoto. Nilikudanganya, nisamehe mwanangu."

Nikasubiri kilio. Wote tulikuwa tunasubiri kilio, ndicho tulichokikimbia mwaka mzima na zaidi.

Mtoto akamuuliza mama yake:

"Kwa hiyo hajafukiwa?"

"Kufukiwa na nini?"

"Na kifusi."

Hapo ndipo akalia, wakuu. Alilia mpaka akapaliwa, na katikati ya kilio anaongea. Kumbe darasani kwao kuna mtoto aliwahi kuwaambia kwamba mchimbaji asipopiga simu muda mrefu ujue shimo limemwangukia, na wakubwa huwa hawasemi. Anjela akapiga hesabu zake mwenyewe. Akatuona sisi tukiulizwa tunaangaliana, tunabadilisha mada. Akaamini. Amekaa na hilo jambo kifuani, anakula na sisi, anakwenda shule, anacheka na Careen, na hajatuuliza kama ni kweli kwa sababu alikuwa anamhurumia mama yake.

Sisi tulikuwa tunamlinda mtoto asione watu wakibusiana. Mwenzetu alishamzika baba yake peke yake.

Mama yangu alitoka nje, akakaa barazani na mvua yote ile. Wife alikuwa bado ameshika rimoti ya TV iliyochomolewa.

Baada ya muda Anjela akafuta makamasi, akauliza kama tunaweza kuwasha tuone yule binti alifanyaje. Tukawasha. Tuliiangalia mpaka mwisho, na busu tukarudi nyuma tukaliona, hata halikuwa na maana yoyote.

Nilichojifunza, kwa anayetaka: usikague filamu peke yake. Mkague na mtoto anayekwenda kuiangalia, ujue yeye amebeba nini. Mimi nilijua kila kitu kilichomo kwenye ile flashi na sikujua kilichomo kwa mtoto ninayekaa naye nyumba moja. Na kama kuna uongo mnauzungusha nyumbani kwa jina la huruma, muulizeni mtoto yeye ameuelewaje. Mtashangaa.

Sasa naomba msaada, na hapa siombi vichekesho.

Leo tumetoka kanisani, Anjela anataka kumpigia baba yake. Namba ninayo mimi. Mdogo wangu amesema yeye hawezi, ameniachia niamue. Mama anasema tusubiri. Wife anasema tupige. Huyo bwana namjua, anaweza asipokee, na akipokea anaweza kumwambia mtoto maneno ya ajabu.

Waliowahi kupitia hili, mlifanyaje? Nimpe simu?

Jibuni mapema wakuu. Amekaa hapa pembeni yangu, bado amevaa gauni la kanisani, na ameshaniuliza mara mbili ninamwandikia nani.